Lugha ya kisiwa cha Yonaguni: nani aliyeiua, na nani bado anayo?

Mwl_Tanga

Habari za jioni wanajukwaa. Nafundisha Kiswahili sekondari, na wiki hii kidato cha tano wamenibana kwenye mada ya lugha na lahaja. Nikitafuta mifano nje ya ile ile ya kila mwaka, nimeangukia orodha ya UNESCO ya 2009 ya lugha zilizo hatarini. Japani, ambayo kila mtu huisema kuwa ni nchi ya watu wamoja na lugha moja, imo na lugha nane. Kuna Kiainu kaskazini, Kihachijo, halafu sita za visiwa vya Ryukyu kule kusini: Amami, Kunigami, Okinawa, Miyako, Yaeyama na Yonaguni.

Hii ya mwisho ndiyo iliyonishika. Kisiwa kimoja, kilomita za mraba 28, watu kama 1,700, vijiji vitatu, na lugha yao peke yao. Nimesoma pia kwamba zamani mwanafunzi akisema lugha ya nyumbani alikuwa akivishwa kibao shingoni.

Maswali yangu: ni hicho kibao ndicho kilichoimaliza? Na leo yupo mtoto hata mmoja anayelelewa kwa lugha hiyo? Sitaki makala ya kunakiliwa. Namtaka aliyeona.

Kipanga

Mwalimu, hizo ni lahaja za Kijapani, usikuze mambo. Wapemba wana lao, Wamakunduchi wana lao, na watu wanaelewana. Mtu akihamia mjini anaacha ya kijijini. Ndivyo dunia ilivyo.

MamaNao_Ishigaki

Kipanga, karibu huku nikuweke barazani na wazee wawili, mmoja wa Miyako na mmoja wa Yonaguni, kila mtu aseme ya kwao, tuone kama wataafikiana hata bei ya samaki. Shukrani peke yake: Okinawa kuu watakwambia *nifee deebiru*, Miyako *tandigaa tandi*, hapa Ishigaki, kwenye visiwa vya Yaeyama, *miifaiyuu*, Yonaguni *fugarasa*. Marehemu baba mkwe wangu na jirani yetu wa Miyako wamevua pamoja mpaka uzeeni, na lugha yao ya mashuani ilikuwa Kijapani, kwa sababu hawakuwa na nyingine ya kukutania. Lugha hizi na Kijapani ni ndugu, ndiyo, lakini ndugu walioachana zaidi ya miaka elfu iliyopita. Aliyeziita lahaja ni serikali, baada ya kuuvunja ufalme wa Ryukyu na kuugeuza mkoa wa Okinawa mwaka 1879.

Mwalimu, mie ni mtu wa Likoni. Nimeolewa huku. Mume wangu ni mzaliwa wa Yonaguni, kijiji cha Kubura, ule upande wa magharibi kabisa ambako kukitakata anga milima ya Taiwan yaonekana kwa macho. Ni kilomita 111 tu. Sisi twaishi Ishigaki, na kazi yangu ni kwenye kituo cha kutwa cha wazee. Asubuhi twawafuata majumbani kwa gari, twawaogesha, wala, waimba kidogo, jioni twawarudisha kwao. Kwa hivyo hizo lugha unazozisoma kwenye orodha, mie nazisikia bafuni.

Kibao kilikuwepo. Lakini ukimuuliza mama mkwe kwa nini hakusema na wanawe lugha ya kwao, hataji kibao. Hutaja Taiwan. Kabla ya 1945 Taiwan ilikuwa koloni la Japani, na kwa watu wa Yonaguni mjini palikuwa Keelung na Taipei, wala si Naha, mji mkuu wa Okinawa. Dada zake wakubwa walikwenda huko kufanya kazi za nyumbani kwa Wajapani, na aliyekuwa na Kijapani kilichonyooka ndiye aliyepata nyumba ya heri. Wakirudi likizo wakizungumza Kijapani hadi kisimani, na wadogo zao wakiwatamani.

Vita vikaisha, Taiwan ikawa ng'ambo. Kwa miaka michache Kubura ikawa bandari ya magendo. Mchele na sukari kutoka Taiwan, vitu vya kambi za Wamarekani kutoka Okinawa, kisiwa kikafurika watu zaidi ya 10,000. Magendo yalipozimwa watu wakatawanyika, na waliobaki hawakuona njia ya mtoto isipokuwa shule. Okinawa yote ilikuwa mikononi mwa Marekani hadi tarehe 15 Mei 1972, na waliosimama mbele kudai kurudi Japani walikuwa walimu. Kusema Kijapani safi ilikuwa ni kama kupiga kura. Hapo hapakuhitajika mtu wa kukutisha. Mama mkwe asema kila mzazi mwerevu alifanya hivyo, na yeye hajioni kama alikosa.

Tena kuna hili: Yonaguni haina sekondari ya juu. Mtoto akitimiza miaka 15 hufunga mizigo aende Ishigaki, Okinawa kuu au mbali zaidi, akakae na watu wasiojua kisiwa chake kiko wapi. Wewe ni mzazi, una miaka 15 ya kumtayarisha. Utamfundisha nini?

Sasa nikwambie nilichokiona. Mama mkwe huja kwetu, akae na shoga yake wa kijiji cha Sonai jikoni, wazungumze Kiyonaguni. Ni lugha yenye irabu tatu tu, *a*, *i* na *u*, na konsonanti nyingine zabanwa kooni, ukisikiliza kwa mbali wadhani watu wagombana. Mwanangu aingia kuchukua maji kwenye friji. Hakuitwa, hakuambiwa neno, masikioni ana vidude vyake vya muziki. Mama mkwe aliyekuwa katikati ya sentensi akaimalizia kwa Kijapani. Mtoto akatoka, wakarudi kwenye Kiyonaguni. Nilipomuuliza, yeye mwenyewe hakujua kwamba alihama. Basi ukitaka kujua lugha yafia wapi, Mwalimu, wengine watakuonyesha darasa, mie nitakuonyesha pale penye friji.

Mume wangu amepita hamsini, na asikia kila neno. Wazazi wake walikuwa wakitaka kugombana, au kuzungumza mambo ya pesa, wakitumia Kiyonaguni ili watoto wasijue. Watoto wakajua yote. Lakini yeye akijibu, ajibu Kijapani. Nikimwambia sema, yuwasema aona haya, atakosea maneno ya heshima mbele ya wakubwa. Na kweli, siku alizojaribu, wazee walimcheka. Hawakumcheka kwa ubaya, lakini mwanamume wa umri ule akichekwa mara mbili hawi na hamu ya mara ya tatu.

Jibu la swali lako la pili: mtoto anayelelewa kwa Kiyonaguni tangu asubuhi hadi usiku mie sijamwona. Wanaokizungumza sawasawa ni mia chache, na wengi ni wa kwenda kituoni kwangu.

Omosh_wa_Kisii

Hicho kibao sisi tulikiita diski. Shule yetu ya msingi ilikuwa kipande cha mbao na kamba ya katani, ukipatikana unaongea Ekegusii unavaa, na huwezi kukivua mpaka umkamate mwenzako. Jioni aliyelala nacho anachapwa. Nilidhani hiyo akili ilitoka kwa Waingereza. Kumbe Japani nao?

Salim_Naha

Omosh, ni ile ile, kamba kwa kamba. Huku kinaitwa *hōgen fuda*, yaani kibao cha lahaja. Niko Naha kwa masomo, na nimekiona kwenye makumbusho. Kilianza kutumika shuleni mwanzoni mwa karne ya 20 na kuna mahali kiliendelea hadi miaka ya 1960, yaani hata Wajapani walipokuwa hawatawali.

Na ile sheria ya kumkamata mwenzako ilizaa ujanja ambao wazee wa hapa wanausimulia huku wanacheka. Aliyevaa kibao anamvizia mwenzake nyuma na kumkanyaga mguu au kumpiga kofi la kisogo. Mtu akiumia hana muda wa kuchagua lugha, anapiga kelele *aga!*, ambayo ndiyo "aah" ya Kiokinawa. Basi, kibao kimehama. Shule iliweza kumfundisha mtoto kuona haya, haikuweza kumfundisha kuumia kwa Kijapani.

Upande wa Okinawa kuu liko jambo zito kuliko kibao, na kwenye mada kama hii lisipotajwa itakuwa haki haikutendeka. Aprili 1945, katikati ya mapigano na Wamarekani, jeshi la Japani hapa lilitoa amri kwamba atakayezungumza Kiokinawa atahesabiwa jasusi na kuadhibiwa. Kulikuwa na wazee wasiojua lugha nyingine. Wapo raia waliouawa na jeshi lao wenyewe kwa tuhuma hizo. Sasa mzazi aliyetoka na roho yake kwenye mapango walimojificha raia, ukimuuliza miaka kumi baadaye kwa nini kamlea mwanawe kwa Kijapani, utamlaumu?

Kwa upande wa kubaki: Radio Okinawa wana taarifa ya habari kwa lugha ya hapa tangu 1960, fupi, na madereva wa teksi wazee huiongeza sauti. Mkoa uliweka Siku ya Lugha za Visiwa mwaka 2006, kila tarehe 18 Septemba, kwa mchezo wa namba: tisa ni *ku*, kumi *tu*, nane *ba*, ukiunganisha ni *kutuba*, maneno. Kuna mabango, fulana, na wanafunzi wakishindana kutoa hotuba jukwaani.

Kipanga

Hapo ndipo ninapopataka. Fulana, mabango, mashindano ya hotuba. Pesa ya kodi. Halafu wakishuka jukwaani wanaongea Kijapani. Haya si maigizo? Lugha ya watu mia chache ikifa, nani anakosa chakula?

MamaNao_Ishigaki

Kuhusu maigizo, Kipanga, nusu nakuunga mkono. Ngoma na michezo ya sherehe za Yonaguni ililindwa na taifa kama urithi mwaka 1985, na kila mwaka vijana wa kijiji hukariri maneno ya michezo ile ya kuchekesha neno kwa neno. Wazee wanacheka mahali pa kucheka. Kijana aliyeyasema amuuliza mwenziwe, kwani nimesema nini? Ni zuri kulitazama, na pia mavazi ni mazuri, lakini kwa maneno yale huwezi kumwambia mtu akusogezee chumvi.

Lakini la kukosa chakula, ngoja nikujibu, maana laja kazini kwangu.

Alikuwako kituoni bibi mmoja mtu wa Yonaguni, ugonjwa wa kusahau umemkamata. Kijapani chake kilianza kumtoka. Kwanza majina ya vitu, kisha sentensi nzima, hadi siku hazikuwa nyingi akawa asema Kiyonaguni tupu. Na ni kawaida, ile uliyojifunza shuleni hutangulia kuondoka. Wenzangu wengi kazini ni watu wa bara, Osaka, Fukuoka, vijana wema. Wakaandika kwenye faili: *hasemi jambo la maana, ana fujo wakati wa chakula.* Kila saa sita akisukuma sahani, aelekea mlangoni. Ikafika hatua ya kuongezewa dawa ya kutuliza.

Mie nilikuwa nasikia neno moja moja tu. Nikampigia mume wangu gereji, nikaweka spika, simu nikaiweka mezani kando ya sahani ya bibi. Akasikiliza, akacheka. Akanambia: huyo yuwasema mbuzi hawajalishwa, vipi yeye atangulie kula? Hakuna fujo. Ni mtu mwenye adabu zake. Nikamwambia mjibu basi. Kimya. Yule bwana wa kuona haya. Kisha akamjibu, kwa Kiyonaguni, tena kibovu nadhani, kwamba mbuzi amewalisha yeye. Bibi akarudi kitini akala wali wake na samaki wote.

Tangu hapo ikawa kila saa sita simu kwa mume wangu, kwenye saa yake ya chakula, bila malipo wala asante ya kituo. Wasimamizi waliona jambo lile si la utaratibu. Lakini la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuizoea. Bibi hakuwa na Kijapani cha kukimbilia, wala hakumcheka, akikosea alimsahihisha kama mtoto wake na kuendelea. Mume wangu akaanza kumuuliza mama yake maneno usiku, hili lasemwaje, lile lasemwaje. Akachukua ile kamusi ambayo mama mmoja wa Sonai, Ikema Nae, aliyekuwa na makumbusho yake ya vitu vya kale pale kijijini, aliitunga na kuichapa 1998. Imekaa rafuni kwetu tangu harusi. Sasa ina madoa ya grisi.

Kwa hivyo kwangu mie waliobeba lugha hii si watoto, Kipanga, na fulana waweza kuziacha. Ni hawa wa hamsini na sitini, wanaosikia na wasiosema. Huko Okinawa kuu wapo wanaojaribu njia iliyoanza kwa wenyeji wa California, mzee mmoja na mwanafunzi mmoja, wapike pamoja, watembee pamoja, lugha nyingine marufuku. Wakiwapa hawa watu wa makamo nafasi ya kusema vibaya bila kuchekwa, kuna miaka ishirini ya kufanya jambo. Wakiwaacha wanyamaze hadi wazee waishe, basi.

Mwl_Tanga

Mama Nao, nimesoma mara mbili. Samahani kwa swali la ndani: wewe mwanao umemlea kwa lugha gani?

MamaNao_Ishigaki

Kimvita, Mwalimu, na matusi yake. Nilipojifungua, muuguzi wa kliniki alinishauri nisimchanganye mtoto, atachelewa kusema. Nikaitikia *hai, hai*, kama wanavyoitikia wao, nikaenda zangu nikamwimbia za kwetu. Akachelewa kidogo, kisha hakunyamaza tena.

Mama mkwe humsifu mbele ya wageni, mjukuu wangu ajua lugha ya Afrika. Siku moja nikamwambia, na ya kwako mbona humpi? Akasema: ya kwako ina watu, aweza kwenda nayo. Ya kwangu ukifika uwanja wa ndege imekwisha. Sikuwa na jibu, kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Mie nina redio, nina simu ya dada zangu, nina hili jukwaa. Kumlea mtoto kwa Kiswahili hapa ni kazi, lakini sikuifanya peke yangu.

Salim_Naha

Nyongeza kwa mwalimu. Kuna vitabu vya picha vya watoto vilivyotengenezwa na watafiti pamoja na wenyeji kwa lugha za visiwa vinne: Yonaguni, Taketomi, Tarama na Okinoerabu. Hadithi za huko huko, na sauti za wazee wa huko huko zikisoma. Darasani vitakufaa, hata kwa kusikiliza tu.

Na kuhusu kisiwa chenyewe: mwaka 2015 walipiga kura kuhusu kambi ya jeshi, waliotaka wakashinda, na kambi ikafunguliwa 2016. Wanajeshi wamekuja na familia. Mama Nao, hilo limegusa lugha?

MamaNao_Ishigaki

Limegusa pande mbili. Madarasa yaliyokuwa yakipungua yamepata watoto, na shule ikifungwa kisiwa nacho hufuata, hilo kila mtu alijua alipokuwa akipiga kura. Lakini ni watoto wa bara, wakae miaka yao wahame. Uwanjani wakicheza, lugha ni Kijapani cha televisheni. Ila nimemsikia mtoto wa askari akimwita mbuzi kwa neno la Kiyonaguni, amelipata kwa mzee jirani. Neno moja. Silihesabu kama ushindi, nimelitaja tu kwa kuwa nililisikia.

Kipanga

Mimi bado nasema serikali haiwezi kuokoa lugha. Lakini hiyo ya bibi na mbuzi imenifikisha mahali. Shangazi yangu yuko Chake, wauguzi wake wa Dar wanaandika hivyo hivyo.

Mwl_Tanga

Kesho kidato cha tano watasikia habari ya friji. Mama Nao, tukipata mfadhili siku moja, Yonaguni inafikika?

MamaNao_Ishigaki

Yafikika. Kutoka Ishigaki kuna ndege, nusu saa hivi. Kuna na meli, mara mbili kwa wiki, kama saa nne baharini, na watu wa hapa wameipa jina ambalo siwezi kuliandika mbele ya wanafunzi, lahusu kutapika. Mie wa Likoni niliyekulia kwenye feri nilijitia ushujaa nikapanda. Lete wanafunzi kwa ndege. Na uje mwezi wa sherehe, lakini uliza kwanza: mwishoni mwa mwaka wana siku 25 za ibada ambazo nyama ya mnyama wa miguu minne haichinjwi wala hailiwi, na nyinyi watu wa Tanga najua mtakavyonung'unika.